Usimwambie Gvozden Asante

Mapipa ya taka yalipohamishiwa barabarani, nyuma ya ile nyumba ya ghorofa tatu pale Zemun, Serbia, kulibaki kiuwanja cha hatua mbili kwa tatu, na hatua zenyewe ni za mwanamke mfupi. Kuta pande zote nne. Mlango mmoja wa kutokea kwenye ngazi. Chini saruji iliyopasuka, juu kipande cha mbingu kama leso. Na kwenye ukuta wa kushoto dirisha moja tu, nalo lilikuwa la Persida.

Persida alikuwa ametoka kijijini miaka mitano nyuma, baada ya kumzika mumewe, akaja kukaa katika fleti ya chini ya mwanawe, ambaye kazi yake ni kuendesha malori hadi Austria na haonekani ila sikukuu. Miaka hiyo yote, kila asubuhi, akiisha kusali mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola, akigeuka hivi anaona mapipa. Hakunung'unika. Alisema Mungu ndiye aliyempangia dirisha. Lakini siku mapipa yalipoondoka alilifungua kwa mara ya kwanza, akavuta pumzi mpaka chini, akaona kwamba Mungu huenda amebadilisha mpango. Palikuwa mahali pa bustani. Ndogo, ndiyo, lakini hata mwenye bustani kubwa hukaa kwenye kiti kimoja.

Shida ni kwamba Gvozden wa ghorofa ya kwanza naye alikuwa amekwisha papima kwa macho.

Gvozden alikuwa dereva wa tramu aliyestaafu, kichwa hakina unywele, tumbo limemtangulia, na sauti ni ileile ya kuwaambia abiria wasogee nyuma. Alikuwa na pipa la kabichi za chumvi, lita mia moja na ishirini, ambalo kila majira ya baridi lilikaa chini ya ngazi na kunuka mpaka darini. Wakazi walikuwa wamechoka, wakamwamuru alitoe hapo. Basi kwenye mkutano wa nyumba akasimama na kusema kwamba atalitoa kwa furaha, na mahali pa kulipeleka amekwisha papata.

"Kiuwanja kina ubaridi, hakina jua, hakina mtu," akasema. "Mungu aliumba mahali pale kwa ajili ya kabichi."

"Kuna dirisha langu pale," akasema Persida.

"Dirisha hufungwa, jirani."

Mwenyekiti wa nyumba alikuwa Ljubica, mwalimu mstaafu, ambaye aliendesha mikutano kwa kengele ya mkononi aliyotoka nayo shuleni. Akawatazama wote wawili kama watoto waliogombania kifutio, kisha akatoa hukumu. Persida apewe muda mpaka sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa Mei. Siku hiyo ukikutwa mmea hai mle ndani, kiuwanja ni bustani. Usipokutwa, ni pipa.

"Mmea ulioshika mizizi humo humo," Gvozden akadakia. "Asije akanunua maua yaliyokwisha chanua sokoni, akayapanga kama kaburini."

"Ulioshika mizizi humo humo," Ljubica akaandika kwenye daftari, akapiga kengele.

Ilikuwa katikati ya Machi. Wiki ya kwanza Persida hakupanda kitu. Alikaa dirishani na kipande cha chaki, na kila nusu saa akatoka kuchora mstari ukutani pale mwanga ulipofika. Jua liliingia kiuwanjani karibu na saa tano na nusu, likashuka ukuta wa magharibi polepole kama mtu mwenye magoti mabovu, na kabla ya saa saba na nusu likawa limepanda upande wa pili na kuondoka. Sehemu moja tu, ukubwa wa sinia, ilipata jua muda wote huo.

Smilja wa ghorofa ya tatu, msusi wa nywele na rafiki yake, alishuka kuona. Akasimama katikati, akanyoosha mikono, vidole vikakaribia kuta zote mbili.

"Shoga, hapa hata paka akitaka kugeuka lazima atoke nje kwanza. Utapanda wapi?"

"Chini ni pa kukanyaga. Bustani yangu itapanda ukutani," akasema Persida. Akamwonyesha. Kuta zipakwe chokaa, ili nyeupe iurushe ule mwanga kidogo mpaka kwenye vyungu vya chini. Rafu za ngazi ngazi upande huu, na juu yake makopo ya jibini. Kwenye kivuli, kangaga na nanaa, na mtambaa mmoja wa kuficha bomba la maji machafu. Kiti kimoja. Na pale penye sinia la jua, jeraniamu nyekundu, kwa kuwa nyumba isiyo na jeraniamu dirishani watu hudhani ndani kuna mgonjwa.

Majirani wasioipenda kabichi, yaani wote, wakamletea vitawi vya kupandikiza. Huyu kitawi cha jeraniamu, yule kangaga, mwingine shina la nanaa lenye mizizi tayari, ambalo mtu hawezi kuliua hata akilikalia. Persida akawashukuru mmoja mmoja kwa adabu zake zote za kijijini, akapanda. Baada ya siku kumi vyote vilikuwa vimekufa. Jeraniamu ikawa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kazi. Nanaa nayo ikalala, isiamke.

"Hata nanaa," akasema Smilja, akiishika kwa vidole viwili. Kisha akamtazama rafiki yake kwa jicho la daktari. "Walipokupa, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia asante. Ningewaambia nini?"

Smilja akakaa kwenye ngazi.

"Umewaambia asante. Wote?"

"Wote. Ljubica nilimwambia mara mbili, alikuja na mfuko wa mbolea."

"Ee Mama wa Mungu, umeviua mwenyewe kwa mdomo wako. Wewe umezaliwa Serbia au umeshuka na mvua? Mmea wa kupewa haushukuriwi. Ukiushukuru umeuzika. Na hata usiposhukuru, wa kupewa ni mvivu tu. Mmea unaoshika ni wa kuibwa."

Persida alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni, akayaweka kapu moja na mambo ya paka weusi. Kijijini alipanda kwa mbegu, na mbegu haziulizi zimetoka wapi. Lakini mbegu zisingewahi Mtakatifu Georgi, na yale makopo matano ya maiti yalikuwa pale mbele yake.

"Amri ya nane," akasema.

"Amri ya nane ni ya kuku na fedha."

"Imeandikwa usiibe. Haikuandikwa usiibe kuku."

Smilja hakubishana. Alipanda ghorofani akawapasha wenzake, na kesho yake nyumba nzima ikaanza kuibwa kwa hiari. Smilja aliacha chungu cha jeraniamu kwenye ukumbi mbele ya mlango wa Persida, na mkasi pembeni. Akajificha nyuma ya nguzo, akikohoa ili ajulikane kwamba hatazami. Persida akatoka, akaona, akakinyanyua chungu na mkasi, akapanda navyo ghorofa tatu.

"Umesahau vitu vyako nje, shoga. Siku hizi kuna wezi."

Ljubica, ambaye kwa cheo chake hakupaswa kuwa na upande, alifungua mlango wake wazi kabisa, begonia zimepangwa kizingitini, akatangaza kwenye ngazi, "Ninaingia kuoga, nitakawia sana." Persida alipita na mfuko wa mkate. Akamfungia mlango vizuri, asije akapata baridi akitoka na maji mwilini.

Aprili ilikuwa mlangoni. Persida akalitazama dirisha lake, akaliona pipa lile la lita mia moja na ishirini limekaa chini yake, naye amelifunga, na hewa yote anayoivuta ni ya kuchacha. Akajifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Padri Vasilije.

Padri alikuwa ofisini mwake kando ya kanisa, ndevu zimetandazwa kifuani kama kitambaa cha meza. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyu jirani mwenyewe anataka uibe?"

"Anataka, baba. Anakohoa kabisa na kugeuza mgongo."

"Basi mwenye mali ameridhia. Si wizi huo, mama. Nenda kakate kwa amani."

"Kama si wizi, baba, hakishiki."

Padri akafikiri.

"Na kikishika?"

"Kikishika, basi ulikuwa wizi."

Padri akazishika ndevu, akazichana kwa vidole. Miaka mingi seminarini, na hapakuwa na mwalimu aliyelifikia hilo. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "ili kishike lazima uibe kwa mtu asiyetaka kuibiwa." Halafu akashtuka. "Sikusema uibe. Nilikuwa ninaeleza hali."

"Ndiyo, baba." Persida alikuwa ameinua macho dirishani pa padri. Kulikuwa na jeraniamu pale, waridi mpauko, majani kama visahani, imejaa dirisha zima. "Nzuri hiyo. Uliipata wapi?"

"Hiyo? Kwa askofu."

"Alikupa?"

Padri akatazama dari. "Wakati wa sala za jioni umefika, mama."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Persida akarudi nyumbani akiwa na jambo la kufikiria. Mle nyumbani hapakuwa na asiyetaka kuibiwa na yeye, isipokuwa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa na jeraniamu iliyokuwa ya mamake, nyekundu inayokaribia kuwa nyeusi, kwenye dirisha la ngazi mbele ya mlango wake. Aliifuta vumbi jani kwa jani, na hakumruhusu mtu hata kuinusa.

Alingoja siku tatu, akasali siku tatu, na Mungu hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana pia. Siku ya nne, saa tisa mchana, akavua viatu.

Saa tisa aliichagua makusudi. Kwenye ukuta wa ngazi lilibandikwa tangazo, limeandikwa kwa mkono wa Gvozden mwenyewe: tangu saa nane hadi saa kumi na moja wakazi wanapumzika, kimya kabisa, hata maji yasivutwe ovyo. Gvozden aliwahi kumkaripia mtu kwa kupiga chafya saa tisa. Wakati huo mwenyewe hulala.

Persida akapanda na soksi, vidato kumi na vinane, kila kidato na Bwana-hurumia yake. Akafika dirishani. Akachagua kitawi chenye afya, vifundo vitatu, akaweka mkasi. Ule mkasi ulilia *kat* kama mlango wa jela.

Na mlango wa kweli ukafunguka. Gvozden alisimama pale na fulana ya ndani, mikunjo ya mto imemchora shavuni.

"Persida," akanong'ona.

"Gvozden," akanong'ona naye.

"Unafanya nini?"

"Ninaiba."

Hakuwa amelitegemea jibu hilo. Akauangalia mkasi, akaiangalia jeraniamu ya mamake, akaziangalia zile soksi. Damu ikampanda kichwani, mdomo ukafunguka wa kupiga ukelele, kisha macho yake yakaangukia tangazo lake mwenyewe, akaufunga. Ikaonekana usoni mwake jambo linakuja kutoka mbali, taratibu, kama tramu inayokata kona.

"Hapana," akanong'ona. "Huibi. Nimekupa."

"Hujanipa."

"Nimekupa. Kwa moyo mweupe. Kata na kingine."

"Sitaki kingine. Hiki nimekiiba."

"Mtu haibi alichopewa."

"Nilikata kwanza, ukafungua baadaye. Kilikwisha ibwa." Akaanza kushuka, kitawi amekifunga kwenye leso.

Gvozden akamfuata na kandambili zake, akizikanyaga kwa vidole zisilie. "Zawadi, jirani. Zawadi ya Kwaresima." Wakashuka hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombana kwa kunong'ona mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Pale chini Smilja alikuwa ameegemea ukuta, anarudi kazini, ameusikia mkasi tangu mlango wa barabarani.

"Kuna nini?" akanong'ona.

"Nimemwibia," akasema Persida.

"Hajaniibia. Anajisingizia." Gvozden akamgeukia Persida kwa huzuni kubwa. "Mtu mzima, mcha Mungu, huoni haya kujiita mwizi mchana kweupe? Sema asante yaishe."

Persida akafungua mdomo. Ni tabia, mtu akikuambia useme asante, ulimi unakwenda wenyewe. Smilja akamziba mdomo kwa kiganja.

Saa kumi na moja na dakika moja nyumba nzima ilikuwa ngazini, inapiga kelele za kisheria. Kiliibwa au kilitolewa? Ljubica akasikiliza pande zote, akasema kwamba kwa desturi mambo yako hivi: kama Persida atashukuru, basi alipewa, wizi umefutika, na kitawi ni maiti. Asiposhukuru, ameiba, na Mungu awe naye.

"Yaani akishukuru kwa kitawi," akasema Smilja.

"Desturi haikusema asante ya nini," akasema Gvozden. "Asante ni asante."

Hapo hakuna aliyejua. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, Persida aliamua asihatarishe. Tangu siku hiyo hakumwambia Gvozden asante kwa lolote chini ya mbingu. Kitawi akakiacha kivulini siku moja kidonda kikauke, akakipanda kwenye kopo la jibini, akaliweka pale penye sinia la jua.

Na Gvozden, kwa upande wake, akaanza kuwa mtu mwema.

Asubuhi alimshikia mlango wa barabarani. "Mungu anakuona, jirani," akasema Persida, akapita. Sokoni akampokea mfuko wa viazi, akaubeba mpaka jikoni. "Mungu anakuona." Aliposikia kwamba udongo wa makopo ni mzito mno, unataka mchanga, akaenda mwenyewe mtoni Danube na ndoo mbili, akarudi amelowa mpaka magotini, akasimama mbele yake akihema, akingoja.

"Mungu—" akaanza Persida.

"Ananiona, nimejua," akasema Gvozden, akaenda kubadili soksi.

Alijaribu na chafya. Mtu akipiga chafya huambiwa "afya", naye hujibu asante kabla hajafikiri. Gvozden akamwaga pilipili manga kwenye reli ya ngazi, akajibanza kwenye kona. Persida akashuka na leso puani, kwa sababu alikuwa amemwona akiimwaga. Aliyepiga chafya ni Gvozden, mara nne.

"Afya, jirani," akasema Persida.

"Asante," akajibu Gvozden, akajipiga paji la uso.

Pasaka ndiyo iliyokaribia kumwangusha. Wametoka kanisani, kengele zinalia, mioyo imelainika, Gvozden akamjia na yai jekundu alilolichora msalaba kwa nta, kazi ya usiku mzima, akamwekea kiganjani. Persida alilitazama yai. Ile asante ilikuwa imefika kwenye meno.

"Kristo amefufuka," akasema Gvozden, kwa mazoea, na hapo akajiharibia. Kwa salamu ile kuna jibu moja tu.

"Kweli amefufuka," akasema Persida, akashusha pumzi, akaondoka upesi na yai lake.

Kadiri asante ilivyokataa kutoka, ndivyo Gvozden alivyoongeza ukubwa wa wema. Alipaka chokaa kuta zote nne, na alipoona ule wa kusini umebaki na kivuli akaupaka tena na tena. Akaziba saruji iliyopasuka. Kangaga na nanaa Persida alikuwa ameviiba upya kwa watu wa nje waliokuwa hawataki kweli kweli, mmoja wao padri, lakini ni Gvozden aliyevitobolea makopo matundu ya kutolea maji. Akawa anatoa na maoni. "Kangaga ile ukiiweka mbele inaficha nanaa. Ishushe chini." Persida akaishusha. Alikuwa amesema kweli.

Alhamisi moja alikuja na mbao na nyundo kutengeneza rafu za ngazi ngazi. Persida alikaa kwenye kile kiti kimoja akimtazama, na hapo ndipo jambo likamjia kichwani, jambo dogo na wazi kiasi kwamba alistaajabu halijamjia mtu mwezi mzima. Kabichi ni za baridi. Jeraniamu ni ya joto. Ikija baridi huingizwa ndani. Vitu hivi viwili havikutani. Akafungua mdomo amwambie.

"Upande huu au juu kidogo?" akauliza Gvozden, misumari imo mdomoni, nyundo imeinuliwa.

Persida akaitazama rafu. Ilikuwa bado vidato vitatu.

"Juu kidogo," akasema. Akaliweka lile jambo kwenye orodha ya maungamo, chini ya wizi wa jeraniamu, wa kangaga, na wa nanaa.

Siku ya Mtakatifu Georgi milango yote ilivikwa mashada ya majani mabichi, na wakazi wakashuka kiuwanjani. Hawakuenea. Ljubica na Persida na Gvozden waliingia ndani, Smilja akasimama mlangoni, waliobaki wakajipanga kwenye ngazi wakipashana habari kwenda juu. Ilikuwa saa sita kasoro. Jua lilikuwa limeshuka kwenye chokaa, likawa linaruka kutoka ukuta hadi ukuta, makopo yanang'aa, kangaga imefungua mikono. Mtu alisema ngazini kwamba pameonekana pakubwa.

Ljubica hakuyumbishwa na uzuri. Akaivaa miwani, akafungua daftari. "Imeandikwa ulioshika mizizi. Nanaa ilikuja na mizizi yake, kangaga pia. Kilichokuja bila mizizi ni hiki tu." Akakionyesha kitawi cha jeraniamu, majani matano, kimesimama wima kwenye kopo lake. "Kusimama si kushika. Hata penseli husimama. Lazima nikitoe nione."

Persida akashika msalaba wake shingoni. Kukitoa ni kukiua, na kisipotolewa hana ushahidi. Ljubica akainama, akakunja vidole.

"Usikiguse," akasema Gvozden.

Alisema kwa ile sauti ya tramu. Ljubica akabaki ameinama.

"Ukikitoa utavikata vile vinyweleo vya mizizi, kitakufa. Kimeshika hicho."

"Umejuaje wewe?"

Gvozden akatazama chokaa. "Nimekuwa nikikivuta."

Ngazini neno hilo likapanda mdomo kwa mdomo kutoka chini kwenda juu.

"Kila asubuhi," akasema. "Kidogo tu, vidole viwili. Nilitaka kujua kama kimekufa. Wiki ya kwanza kilikuwa kinakuja. Ya tatu kikaanza kusitasita. Jana nimekivuta, nacho kikanivuta." Sauti ilikuwa imemshuka. "Ni cha mama yangu. Hakikuwahi kukataa kushika."

Ljubica akanyooka, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kimeshika, kwa ushahidi wa mpinzani." Akapiga kengele. Kiuwanja ni bustani.

Gvozden alisimama pale na mikono yake mikubwa, akielewa polepole alichokifanya. Smilja alicheka mpaka akajishika kwenye fremu ya mlango. "Umejishitaki, umejihukumu, na rafu umejigongea," akasema. Lakini Persida hakucheka. Dirisha lake lilikuwa wazi nyuma yake, limebaki lake, na furaha ilimjaa hata akaona si haki aibebe peke yake.

"Gvozden," akasema, "kabichi unazitia chumvi lini?"

"Novemba. Baridi ya kwanza ikipiga. Sasa zitatiwa wapi?"

"Na zinaisha lini?"

"Machi, kwa mlaji."

"Na jeraniamu hukaa nje mpaka lini?"

Gvozden akafungua kiganja. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ljubica naye, mwalimu mzima, akahesabu. Ngazini ilisikika minong'ono ya miezi.

"Novemba dirisha langu ninalifunga kwa vyovyote," akasema Persida. "Pipa litakaa kona ile ya mbali, na wewe utalipigia mfuniko wa kufunga barabara. Kiangazi ulioshe, ulipindue hapo, tutawekea kahawa. Kiti cha pili utakuja nacho."

 Gvozden alikuwa amesimama akihesabu kitu kingine sasa, si miezi.

"Hili umelijua tangu lini?" akauliza.

Persida angeweza kusema limemjia pale pale. Lakini orodha ya maungamo ilikuwa imekwisha kuwa ndefu.

"Tangu ile Alhamisi ya rafu."

"Kabla ya rafu au baada ya rafu?"

"Vidato vitatu kabla."

"Na nilipopaka ukuta wa kusini mara ya tatu?"

"Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha jua."

Gvozden akaziangalia kucha zake, ambazo bado zilikuwa na chokaa. "Na hukusema kitu."

"Nilitaka kusema," akasema Persida, "lakini ulikuwa umeshika nyundo, sikutaka kukukatiza."